Mtu wa Koridoni Kwenye Nyumba ya Boksi

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya paa za mabati Fundi alipofunika cherehani yake, akachomeka sindano kwenye ukosi wa gauni kama ilivyokuwa kawaida yake, akatoka kwenda kumchukua mwanawe. Kazi ya kwenda na kurudi tu. Hata mlango aliurudishia, hakuufunga.

Alitembea huku amekunja uso. Kila jioni alipokwenda kule alikunja uso, na hakuona sababu ya kuficha.

Mtoto alikuwa kwa Mama Makopo. Jina hilo watoto ndio waliompa, na wakubwa wakalidaka, maana hakuna aliyelijua lake la kweli. Alihamia mtaani na begi moja na kigoda, akapanga chumba chenye baraza, na kabla watu hawajamzoea akaanza kuwakusanya watoto wakitoka shule. Aliwafundisha kutengeneza vitu kwa takataka za nyumbani. Kopo la samaki likawa gari, vizibo vya soda vikawa magurudumu. Trei za mayai zikakatwa maua. Mifuko ya sukari ikasukwa pochi ambazo hata mama zao walizitamani. Na hakutoza chochote.

Hapo ndipo Fundi alipomtilia shaka. Mtu anayetaka hela yako anaeleweka. Hata mwizi anaeleweka. Lakini mtu anayetaka takataka zako, bure, kila siku, huku anatabasamu... huyo ana lake jambo.

Halafu kulikuwa na lile sharti. Watoto walete kitu kisicho na kazi tena nyumbani kwao, na wasikioshe.

Wasikioshe! Chanuo lenye nywele. Soksi yenye jasho la mguu. Kikombe kilichovunjika, bado kina alama ya mdomo wa mtu. Mchawi anahitaji nini zaidi ya hapo? Fundi hakunong'ona pembeni, alikwenda akamuuliza usoni. Mama Makopo akamjibu kwa upole kwamba watoto hukatwa na makopo wakiyaosha wenyewe, kwa hiyo yeye huyaosha kwa mikono yake.

Jibu safi. Safi mno.

Alipompigia mumewe, dereva wa malori aliyekuwa safarini kama kawaida yake, mume alicheka akasema amwache mtoto acheze, kwani pale nyumbani si anafokewa tu kila akigusa uzi? Fundi alikata simu. Maneno yale yalimuuma kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Fundi alikuwa mwepesi wa hasira, na yeye mwenyewe alilijua hilo kama anavyojua namba ya kiatu chake. Lakini alikuwa mtu wa haki. Kipande cha kitambaa kilichobaki alikikunja akakirudisha kwa mwenyewe, hata kama ni cha kutosha leso tu. Nguo yako ikiwa mbovu atakuambia ni mbovu. Na kushona hakufundishwa na mtu. Cherehani aliinunua kuukuu, vitu vya marehemu fulani vilipokuwa vikiuzwa, akakaa nayo peke yake, na muda si mrefu mikono ikajua. Ikajua tu. Kila pindo alilimaliza kwa fundo lake mwenyewe: uzi anauzungusha kidoleni, anaulowesha kwa ulimi, anaupitisha chini yake wenyewe, halafu anaukata kwa meno. Kat. Wateja walimtania kwamba nguo itachakaa, itadekiwa sakafu, itatupwa, na lile fundo bado litakuwa halijafunguka.

Barazani palinuka gundi ya unga iliyochacha. Watoto wengine walikuwa wameshaondoka. Chiriku alikuwa amekaa kwenye kona, magoti kifuani, mbele yake boksi kubwa. Walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea usingizini.

Leo alikuwa kimya.

"Umemaliza?" mama akamuuliza.

Akaitikia kwa kichwa.

Fundi akainama kuangalia. Ilikuwa nyumba yao. Boksi lilikatwa juu ili uone ndani, na ndani kila kitu kilikuwa mahali pake. Chumba cha mbele cha kushonea, na pazia la mfuko wa wavu uliowekewa vitunguu. Korido kule nyuma, nyembamba, yenye giza. Jiko. Chumba cha kulala, na lile doa la maji juu ya kitanda limepakwa kwa majani ya chai. Cherehani ilikuwa kasha la kiberiti lililobebeshwa rili tupu ya uzi. Nje limeegeshwa lori la kopo la samaki, la baba.

Na watu. Mmoja mdogo, wa soksi, huyo Chiriku mwenyewe. Mwingine wa kitambaa cha aproni kuukuu, shingoni ana kipande cha tepu ya kupimia. Fundi akatabasamu bila kutaka. Kisha akamwona wa tatu.

Alisimama koridoni, mgongo ukutani. Mrefu kuliko wenzake. Gauni la bluu iliyopauka. Hakuwa na uso. Na alikuwa ameshonwa vizuri... vizuri kupita mkono wa mtoto.

"Huyu nani?"

"Mtu wa koridoni."

"Ana jina?"

Chiriku alimtazama mama yake usoni. Alimtazama polepole, kama mtu anayehakikisha noti kwenye mwanga.

Kivuli kikawaangukia. Mama Makopo alikuwa amekuja bila kusikika. Hakusalimu. Alinyoosha mkono, akashika mkono wa gauni la Fundi, akaligeuza pindo nje, akalitazama kwa karibu kama mtu anayesoma.

"Nani alikufundisha kushona, mwenzangu?"

Fundi akauvuta mkono wake. "Sikufundishwa na mtu."

"Ndiyo," yule mwanamke akasema taratibu. "Ndivyo nilivyosikia."

Njiani Chiriku alilibeba boksi mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Fundi alitembea nyuma yake. Mara mbili tatu alisikia kitu ndani ya boksi. Tk. Kimya. Tk. Kama mtu aliyesimama muda mrefu akabadilisha mguu.

Ni vizibo, alijiambia.

Usiku ulipoingia Fundi alirudi kwenye cherehani. Alikuwa na sare za shule za kumaliza, na wenyewe wangekuja kuzichukua kesho. Akashusha pazia, akaanza kukanyaga. Nyuma ya pazia, koridoni, Chiriku alicheza na nyumba yake. Ile sauti nyembamba ilimfikia mama katikati ya mlio wa cherehani. Mtoto anaongea. Ananyamaza. Anaongea tena. Anacheka kidogo, vile mtu anavyocheka akijibiwa.

Fundi akaondoa miguu kwenye kanyagio. Cherehani ikanyamaza.

Koridoni nako kukanyamaza.

"Unaongea na nani?"

"Na mama," mtoto akajibu. Kisha akaongeza: "Nacheza tu."

Fundi akalivuta pazia. Chiriku alikuwa peke yake, amekaa chini, sakafu baridi kama kawaida yake. Lakini palikuwa na harufu. Mafuta ya cherehani, na kitambaa kilichofungiwa muda mrefu mahali pasipo hewa. Akamuuliza mtoto yule mwanasesere wa bluu kashonwa na nani.

"Si wewe?"

"Usinijibu ujeuri."

Mtoto akashusha macho. Ikabidi amtoe maneno kama anayetoa mwiba. Chiriku alieleza kwamba Mama Makopo aliwaambia walete kitu kisicho na kazi, na yeye akaona kitambaa kimekwama nyuma ya droo ya cherehani, akakivuta. Akampa mama. Mama akamshonea.

"Ulikuwa umesimama hapa," akasema, akionyesha ukuta. "Hukunigombeza hata."

"Lini?"

"Siku ile. Cherehani ilikuwa inalia kule ndani. Na wewe ulikuwa hapa. Nikadhani ni mchezo."

Nywele za shingo zilimsimama Fundi. Lakini hasira yake daima ilikuwa na mbio kuliko woga wake, na hasira ndiyo iliyofika kwanza. Mtoto amefundishwa uongo. Amekaririshwa. Na nani? Si kuna mmoja tu. Alimpeleka Chiriku kulala kwa maneno makali, akamwambia kuanzia kesho akitoka shule aje nyumbani moja kwa moja, na asimsikie tena anataja makopo.

Asubuhi aliamka wa kwanza. Boksi lilikuwa palepale koridoni. Mtoto alikuwa bado amelala, mdomo wazi.

Yule wa bluu hakuwa koridoni tena.

Alikuwa amekaa kwenye cherehani ya kiberiti.

Na yule wa aproni, yule mwenye tepu shingoni, alikuwa nje ya nyumba. Amelala kifudifudi chini ya lori.

Fundi akamwokota yule wa bluu kwa ncha za vidole. Akamgeuza. Akalitafuta pindo, kwa sababu ndivyo mkono wa fundi unavyofanya hata mwenyewe akiwa na hofu. Na pale mwisho wa mshono akaliona.

Fundo.

Uzi umezungushwa, umeloweshwa, umepitishwa chini yake wenyewe. Umekatwa kwa meno. Fundo lake. Hakuna mwingine aliyelijua, mtaani wala popote.

Akakumbuka ule mkono uliogeuza pindo lake jana. Ule utazamaji. Basi kumbe! Yule mwanamke amemsoma mshono wake, ameuiga, amemtengenezea kitu ndani ya nyumba yake kwa mkono wa mwanawe. Hakufikiri zaidi. Pasi ya mkaa ilikuwa imeshawashwa kwa ajili ya sare, makaa mekundu. Akainua kifuniko, akamtupa ndani yule wa bluu, akakibana.

Hapakunuka kitambaa kinachoungua. Palinuka mafuta ya cherehani. Kisha pakanuka pumzi... pumzi ya mtu aliyekuwa na uzi mdomoni mchana kutwa.

Na kule koridoni kitu kikasikika. Taratibu. Kama mtu aliyechoka kuegemea ukuta, sasa anaondoka.

Akapiga pasi sare zote bila kugeuka nyuma.

Siku nzima wateja hawakumpa nafasi. Huyu suruali ndefu, yule kifungo, mwingine alikuja kupiga soga tu. Mara ya kwanza alipotazama nje, kivuli cha duka la jirani kilikuwa kimeshavuka barabara, na watoto wa shule walikuwa wameshapita zamani. Chiriku hakuwemo.

Akajua yuko wapi. Akatoka vilevile na tepu shingoni, akipanga maneno njiani. Hakutaka ya chumbani. Alitaka majirani wote wasikie.

Lakini barazani hapakuwa na watoto. Mama Makopo alikuwa peke yake kwenye kigoda, anachambua vizibo kwa rangi, mwanga umebaki kidogo. Fundi akayamwaga yote akiwa amesimama. Takataka zisizooshwa. Mtoto kukaririshwa uongo. Pindo kuchunguzwa kama la mshitakiwa. Alisema anayajua mambo ya watu wa aina yake, na kwamba mshono wake ni jasho lake, hauibwi. Majirani wawili walichungulia. Mama Makopo alisikiliza bila kujitetea, vidole vinaendelea na vizibo.

"Na yule mdudu wako wa bluu," Fundi akamalizia, "nimemchoma. Ndani ya pasi."

Vizibo vikamwagika.

Vilibingirika sakafuni, vikashuka ngazi, kimoja kikazunguka muda mrefu kabla ya kulala. Yule mwanamke hakuviokota.

"Mwenzangu," akasema kwa sauti ya chini kabisa, "mimi sikumshona. Siku mtoto alipokuja naye nilidhani umemshona wewe. Nikaona fundo. Nikakaa hapa nikalia mpaka watoto wakaniogopa."

Akaeleza, na hakueleza sana. Alikuwa na dada. Dada yake alikuwa mshonaji, na aliishi kwenye cherehani yake kuliko alivyoishi kitandani. Hakujaliwa mtoto. Jioni, kazi za watu zikiisha, alikusanya mabaki na makopo, akatengeneza vitu vya kuchezea na kuvipanga dirishani, vinasubiri. Akafa hivyo, ameinamia meza, mguu juu ya kanyagio. Shemeji zake wakauza kila kitu kabla yeye, mdogo mtu, hajafika. Miaka ikapita. Siku moja barabarani akaona pindo la sketi ya mtu asiyemjua, na fundo la dada yake mwisho wa pindo. Akamfuata yule mtu, akamuuliza kashonewa wapi. Ndivyo alivyofika mtaa huu.

"Hukufundishwa na mtu," akasema. "Nilipolisikia hilo, nikajua cherehani iko wapi."

"Fundo ni langu."

"Ni la mikono yako. Sikatai." Akajifuta uso kwa khanga. "Na nilitaka kujua kama yumo. Ndio maana nikawaambia walete vya kwao, bila kuosha. Kitu cha mtu kikipewa kazi mpya, mwenyewe hutulia. Mtoto alimpa dada yangu pa kusimama. Koridoni pale. Angesimama tu, asingegusa mtu. Sasa umemnyang'anya pa kusimama."

Fundi alitaka kumwambia aache upuuzi. Akasema tu amwite Chiriku waondoke.

Mama Makopo akainua macho.

"Chiriku?"

"Ndiyo. Mwite."

"Si umekuja kumchukua sasa hivi tu?"

"Ulisimama pale kwenye kona," yule mwanamke akasema, na sauti yake ikawa inazama jinsi anavyosema, "mwanga uko nyuma yako, sura sikuiona vizuri. Umevaa tepu shingoni. Mtoto akakukimbilia. Mkashikana mikono. Nikashangaa tu mbona umebadilisha gauni... nikasema labda ni giza linanichezea macho..."

"Gauni gani?"

Fundi alilijua kabla ya kuambiwa.

La bluu.

Fundi hakumbuki alivyopita njia. Anakumbuka tepu ikimpiga kifuani. Anakumbuka kwamba alipokata kona, kabla hajauona mlango, aliisikia cherehani.

Ilikuwa inakanyagwa. Kwa mwendo wake yeye. Ule wa kwenda mbio kwenye mshono ulionyooka na kupunguza kwenye kona.

Mlango ulikuwa wazi. Pazia la chumba cha kushonea limeshushwa, na nyuma yake taa inawaka, na juu ya pazia kivuli kimeinama. Hakuthubutu kulifungua. Akapita pembeni, taratibu, mgongo unasugua ukuta, akaingia koridoni.

Chiriku alikuwa amekaa chini, boksi mapajani. Mzima. Akainua uso akamtazama. Kisha akatazama upande wa pazia. Kisha akamtazama tena.

Hakusimama.

"Njoo," mama akanong'ona.

"Mama yuko kule anashona."

"Mimi ndiye mama."

"Yule naye amesema hivyo."

Cherehani iliendelea kulia. Fundi akapiga magoti. Akachomoa sindano yenye uzi kwenye ukosi, akautwaa mkono wa kulia wa mwanawe, akauzungusha uzi kwenye kidole kidogo. Akaulowesha kwa ulimi. Akaupitisha chini. Akaukata kwa meno.

"Unaona? Nani mwingine anayejua hili?"

Chiriku akalitazama lile fundo muda mrefu. Halafu, polepole, akautoa mkono wa kushoto uliokuwa nyuma ya boksi.

Kidole kidogo kilikuwa kimefungwa uzi. Wa bluu. Fundo lilelile.

Kule ndani mwendo wa cherehani ukapungua. Imefika kwenye kona ya mshono.

"Mwanangu," Fundi akasema. "Mwanangu mzuri. Njoo, mpenzi, twende..." Akasikia sauti yake ilivyokuwa laini, laini kuliko alivyowahi kumsemesha, na akaona uso wa mtoto unajikunja na kurudi nyuma.

"Yule ndiye anaongea hivyo," Chiriku akanong'ona. Machozi yakamjaa. "Kama ni wewe, nigombeze."

Aligombezwa kila siku ya maisha yake, mtoto yule. Kwa uzi, kwa chaki, kwa kuuliza. Na sasa mama alitafuta hasira yake kila mahali alipozoea kuiweka, hakuipata. Kulikuwa na hofu tu na mapenzi. Cherehani ikasimama. Kiti kikasukumwa nyuma. Pazia likatikisika chini, pale mguu wa mtu ungeligusa...

"Nimekwambia mara ngapi," Fundi akasema, "nimekwambia mara ngapi usikae kwenye sakafu baridi, wewe mtoto usiyesikia! Unataka kifua kikubane tena niamke mimi? Inuka!"

Chiriku akatabasamu kwa meno yote, akamrukia shingoni.

Fundi akatoka naye mbio kwa mlango wa jikoni. Nyuma yao hapakuwa na hatua wala kilio. Kilisikika kitu kimoja tu, kidogo, kikavu.

Kat.

Kama uzi unaokatwa kwa meno.

Walilala kwa jirani. Asubuhi Mama Makopo alikuja na mkokoteni, na Fundi hakubishana. Akamsaidia kuibeba cherehani mpaka nje. Chini ya sindano yake kulikuwa na gauni dogo, la saizi ya Chiriku, lililoshonwa kwa mabaki ya sare, zuri ajabu, limebaki pindo la mkono mmoja. Waliliweka juu ya cherehani, wakalifunga pamoja kwa kamba. Mama Makopo akaondoka nayo na hakurudi. Barazani kwake palibaki makopo yamepangwa kwa urefu, yameoshwa yote.

Mume aliporudi safari alicheka, ila alicheka peke yake. Akamnunulia mkewe cherehani mpya, haijawahi kukaliwa na mtu, bado ina karatasi ya dukani. Fundi akaikalia siku ya kwanza akaamua kubadilisha fundo. La kawaida tu, la kila fundi. Alijaribu kutwa. Kila alipofika mwisho wa mshono mkono ulizungusha uzi kidoleni, ulimi ukatoka wenyewe.

Cherehani imeondoka. Mikono imebaki.

Hata hivyo wakazoea, kwa sababu mtu huzoea. Chiriku akaanza tena kuongea akila na akioga. Wakawa na desturi yao. Kila mama akitoka kupeleka nguo za watu, akirudi hugonga, na mtoto hafungui mpaka amgombeze kwanza kupitia mlangoni. Siku nyingine kwa viatu, siku nyingine kwa vyombo. Mtoto akicheka, komeo linavutwa. Majirani walidhani ni ukali wake uleule.

Jioni moja Fundi alichelewa kwa mteja. Mwanga ulikuwa umekwisha barabarani. Akagonga, akajiandaa, leo alikuwa na kisa cha daftari lililoloweshwa.

Mlango ukafunguliwa kabla hajasema neno.

Chiriku alisimama kizingitini, anatafuna, mtulivu kabisa.

"Kwa nini umefungua?" mama akauliza. "Mbona hujasubiri nikugombeze?"

Mtoto akaacha kutafuna. Akageuza shingo, taratibu, akatazama koridoni.

"Si umeshanigombeza," akasema. "Sasa hivi tu. Kwa lile daftari."